Namba Iliyo Hai: Vifaa vya Kiwandani na Mtandao wa Ithaneti katika Milima ya Usambara



Nimeombwa nizungumzie jinsi vifaa vya kupimia vilivyoko kiwandani vinavyounganishwa na mtandao wa Ithaneti. Ni somo la mafundi, lakini humu ukumbini nawaona wachuma chai pia, na nafurahi, kwa sababu mwisho wa waya huu ni bei ya jani. Kwa hiyo nitachukua kiwanda cha chai kuwa mfano wangu. Herkulu, Balangai, Dindira, na ng'ambo ya bonde la Luengera, Kwamkoro na Bulwa: majina haya mmeyazoea. Kiwanda cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013 kwa sababu ya mgogoro, wakulima wadogo wa Bumbuli walibaki na majani shambani bila pa kuyapeleka. Kiwanda kikiyumba, vijiji vinavyokizunguka vinayumba nacho.

Jambo ninalotaka kulitetea leo ni hili: namba inayosafiri kwenye mtandao lazima ibebe uthibitisho kwamba iko hai. Waya wa zamani ulikuwa na tabia hiyo bila kuombwa. Tunapoleta Ithaneti tunaipoteza, na fundi asipoirudisha kwa makusudi, kiwanda kitaendeshwa kwa namba zilizokufa.

Tuingie kiwandani. Jani bichi linapofika jioni, robo tatu ya uzito wake au zaidi ni maji. Linatandazwa kwenye vitanda virefu vya kunyaushia, na feni zinasukuma hewa kutoka chini usiku kucha. Likishanyauka linapita kwenye roli za kukata, linaachwa lichachuke saa moja hadi mbili huku likigeuka rangi kutoka kijani kuwa ya shaba, kisha linaingia kwenye draya. Linatoka huko likiwa na unyevu wa asilimia 3 hivi. Kati ya gari la majani na mfuko wa chai kuna vipimo vingi: joto la hewa inayoingia kwenye draya na inayotoka, joto la chumba cha kuchachushia, unyevu wa hewa ya kunyaushia, shinikizo la mvuke, kina cha maji ndani ya boila, mwendo wa feni, umeme unaotumika.

Anayesimamia draya ana vipimo vyake mwenyewe. Anachota konzi ya chai mdomoni mwa mtambo, anaiminya kiganjani, anasikiliza inavyovunjika, anainusa, na papo hapo anajua kama moto umezidi. Ujuzi huo haupiti kwenye waya wowote, na mradi unaoanza kwa kumdharau mtu huyu hautafika mbali. Anachokosa ni kumbukumbu. Saa nane usiku joto lilikuwa ngapi, na lilikaa hapo kwa muda gani? Daftari la zamu hujazwa kila saa, na kati ya mstari na mstari kuna karibu saa nzima isiyoandikwa.

Chukueni kipimajoto cha hewa inayoingia kwenye draya. Ndani ya mrija wa chuma kisichoshika kutu kuna waya mwembamba wa platini, ambao ukinzani wake ni omu 100 kwenye nyuzi 0 za Selsiasi na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Kichwani pana kifaa kidogo kinachogeuza ukinzani huo kuwa mkondo wa umeme wa kati ya miliampia 4 na 20. Tuseme fundi amekipanga kwa nyuzi 0 hadi 150. Joto likiwa nyuzi 98, mkondo unakuwa miliampia 14.45, na mkondo huo haupungui njiani hata kebo ikiwa ndefu, kwa sababu katika mzunguko mmoja mkondo ni uleule kila mahali. Volti zingepungua. Miliampia hazipungui.

Sasa tazameni busara ya wahandisi waliotutangulia. Kwa nini waanzie 4, wasianzie 0? Kwa sababu nyuzi 0 za joto ni miliampia 4, ilhali waya uliokatika ni miliampia 0. Panya akitafuna kebo, sindano inaanguka chini ya mwanzo wa kipimo, na kila aliyepo anajua kwamba hilo si baridi bali ni hitilafu. Hata kabla ya hapo, vipimo viliposafirishwa kwa hewa ndani ya mirija, shinikizo lilianzia paundi 3 kwa inchi ya mraba na kuishia 15, kwa sababu hiyohiyo. Waya huo ukifa, hutangaza kifo chake. Naomba mliweke jambo hili akilini, maana nitalirudia.

Kwa nini basi tusibaki na waya huo? Kwanza, kila kipimo kinadai jozi yake ya nyaya. Vipimo 40 ni jozi 40, zote zikikimbilia kibao kimoja ukutani. Pili, jozi hizo hazifiki ofisini, wala kwa meneja aliyeteremka Tanga, wala kwa mnunuzi anayetaka kujua shehena ilikaushwa vipi kabla ya kupelekwa mnadani. Kisha kuna suala la kuni, na hili kwangu ndilo zito zaidi. Boila za huku zinalishwa mikaratusi. Milima hii, yenye misitu ya Magamba na Amani ambamo mna mimea na viumbe visivyopatikana penginepo duniani, haina kuni za kuchezea. Meneja anayeweza kuona joto la draya na uzito wa kuni kwenye ukurasa mmoja, kwa mwezi mzima, atajua ni zamu ipi inayochoma bure na ni siku gani. Hapo anaweza kuzungumza na watu wake kwa ushahidi, bila kumwonea mtu.

Njia ya kwanza ya kutoka kwenye jozi 40 ilikuwa kuvipa vifaa lugha. Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ya Marekani ilitoa itifaki iitwayo Modbus, na hadi leo mtaikuta kwenye vifaa vingi mno: mita za umeme, vidhibiti vya mwendo wa mota, vipimajoto vya kielektroniki. Vifaa hupangwa kimoja baada ya kingine kwenye jozi moja ya nyaya, kwa mtindo uitwao RS-485, ambao unaweza kufika mita 1,200 na kubeba vifaa 32 vya kawaida. Kimoja ndicho kinachouliza. Vingine hujibu vikiitwa, la sivyo vinanyamaza.

Nataka vijana mlione swali lenyewe, kwa sababu likishaonekana linaacha kutisha. Katika hesabu za kizio cha 16, ambazo mafundi wa kompyuta huzitumia, swali ni hili: 01 03 00 00 00 01 84 0A. Baiti 8 tu. Ya kwanza, 01, ni namba ya kifaa kinachoitwa. Inayofuata, 03, inakiambia kisome. 00 00 ni rejista ya kuanzia, yaani kijichumba cha kumbukumbu ndani ya kifaa, 00 01 ni idadi ya rejista zinazotakiwa, na 84 0A ni hesabu ya kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Kifaa namba 1 kinajibu 01 03 02 03 D4, kisha kinaongeza baiti 2 zake za uhakiki. 02 ni idadi ya baiti za jibu, na 03 D4 ndiyo jibu: 3 mara 256, jumlisha 212, unapata 980. Kifaa hakikusema 98. Kimesema 980, na ni juu ya fundi kujua, kutoka kwenye kitabu cha kifaa hicho, kwamba tarakimu ya mwisho ni ya desimali.

Hapo ndipo siku nyingi za kazi hupotea. Kitabu kinasema rejista 40001, lakini kwenye waya rejista hiyo inaitwa 0000, kwa hiyo asiyejua desturi hii anasoma rejista ya jirani na kushangaa. Kifaa kingine kinaandika namba ndefu kwenye rejista mbili, na kinatanguliza nusu ya mwisho. Ukiisoma kinyume unapata joto la kuyeyusha chuma. Namba za ajabu kama hizo zina heri, maana zinajishtaki zenyewe. Ya kuogopwa ni ile inayofanana na kweli.

Kutoka kwenye jozi ya RS-485 hadi kwenye Ithaneti ni kisanduku kimoja. Upande mmoja kina teminali za nyaya, upande wa pili kina tundu la kebo ya mtandao. Swali lilelile likivishwa vazi la Ithaneti linakuwa na baiti 12: mbele kuna kichwa cha baiti 7, ambamo mna namba ya kifaa, na zile baiti za uhakiki zimeachwa kwa kuwa Ithaneti ina uhakiki wake. Kisanduku kinaondoa kichwa, kinaweka uhakiki, kinauliza kwenye nyaya, kinangoja jibu, kisha kinalifunga upya na kulirudisha. Kwa mwendo uliozoeleka wa biti 9,600 kwa sekunde, swali peke yake linachukua kama milisekunde 9 kupita kwenye nyaya. Vifaa 20 vikiulizwa kwa zamu, kila kimoja na jibu lake na muda wake wa kujiandaa, mzunguko mzima unaweza kukaribia sekunde nzima au kuipita. Muuzaji atakuambia kwamba swichi yake, yaani kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, ni ya gigabiti. Ni sawa, lakini nyaya zilizo nyuma ya kisanduku zitakwenda kwa mwendo wake uleule.

Ithaneti yenyewe ilizaliwa ofisini. Mei 1973 Bob Metcalfe, aliyekuwa kwenye maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, aliandika waraka wa kuueleza mtandao huo, na mwaka 1983 ukawa kiwango rasmi kiitwacho IEEE 802.3. Kwa miaka mingi wahandisi wa viwanda waliukataa, na walikuwa na haki. Kompyuta zote zilitumia kebo moja. Mbili zikisema kwa pamoja, jumbe ziligongana, na kila moja ilingoja muda wa kubahatisha kabla ya kurudia. Barua ya ofisini inaweza kungoja, valvu ya mvuke haiwezi. Swichi za leo zimemaliza mgongano huo kwa kukipa kila kifaa njia yake ya kwenda na njia yake ya kurudi.

Changamoto iliyobaki ni milima yetu wenyewe. Kebo ya shaba ya Ithaneti ya kawaida ina kikomo cha mita 100, na nyumba ya boila inaweza kuwa mbali na ofisi kuliko hapo. Anayevuta shaba kutoka jengo hadi jengo huku Usambara anaikaribisha radi. Radi haina haja ya kuipiga kebo. Ikiupiga mkaratusi ulio nyuma ya boila, ardhi ya upande ule inapanda volti nyingi kupita ardhi ya upande wa ofisi, na umeme huo utatafuta waya wowote unaounganisha pande hizo mbili. Waya huo ni kebo yako, na mwisho wa kebo ni swichi yako. Kati ya majengo, wekeni faiba, yaani uzi wa kioo. Kioo hakipitishi umeme. Bodi ya kiwanda ikilalamikia bei, ilinganishe na bei ya vifaa vyote vitakavyoungua kwa radi moja ya masika, pamoja na majani yatakayooza wakati vinatafutwa vingine. Ndani ya jengo shaba inatosha, mradi kebo ipite mbali na nyaya za mota kubwa, na ule wavu wa shaba unaozunguka nyaya za RS-485 ufungwe kwenye ethi upande mmoja tu.

Ukungu nao una yake. Vumbi la chai likikutana na unyevu kwenye teminali linafanya utando unaopitisha umeme kidogo kidogo, na kipimo kinaanza kuyumba bila sababu inayoonekana. Kebo ziingie kwenye kisanduku kutokea chini, ili maji yanayotiririka juu yake yadondoke kabla ya kufika ndani. Ni jambo dogo, na fundi anayelizingatia hulala usingizi.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Fikirini usiku wa mvua, umeme wa gridi unayumba, jenereta inawaka baada ya sekunde kadhaa. Kompyuta ya ofisini ina betri ya akiba, haikuzimika. Kile kisanduku cha katikati kilizimika, na kilipowaka tena kikakwama. Programu inauliza, haijibiwi. Programu nyingi zikikosa jibu huacha namba ya mwisho palepale ilipokuwa. Skrini inasema 98.0. Ni namba nzuri, ndiyo namba inayotakiwa, na imeandikwa kwa rangi ya kijani. Msimamizi wa zamu anaitazama mara tatu usiku ule na kila mara anaridhika. Kule kiwandani boila imepoa, draya iko nyuzi 80, na chai inatoka na unyevu utakaoiotesha ukungu ghalani. Kama angebaki na sindano ya zamani ya miliampia, waya ukikatika ingeanguka mbele ya macho yake.

Nimechagua mfano wa joto kwa kuwa hasara yake ni chai tu. Badilisheni kipimo hicho kiwe kina cha maji ndani ya boila, na mtaona kwa nini nasema kwa ukali. Boila inayopungukiwa maji huku moto unawaka ni bomu, na watu wanafanya kazi pembeni yake.

Tiba yake si ya gharama. Kwanza, kila namba iandikwe pamoja na saa iliyosomwa, na saa hiyo itoke karibu na kifaa iwezekanavyo, isiwe saa ya kompyuta iliyoipokea mwisho. Pili, programu ipewe muda: ikikosa jibu kwa mizunguko mitatu, namba ifutwe, nafasi yake ibaki na mistari, rangi ibadilike na king'ora kilie. Msiruhusu skrini ioneshe namba ambayo hakuna aliyeisoma. Tatu, kwenye kidhibiti kinachoendesha mtambo kule kiwandani wekeni rejista moja isiyo na kazi nyingine ila kuongeza 1 kila sekunde. Ofisini programu iitazame rejista hiyo: ikisimama, vyote vinavyotoka kwa kidhibiti kile vihesabiwe kuwa vimekufa, hata kama vinaonekana vizima. Hii ya tatu inanasa kosa ambalo mbili za kwanza hazilinasi, yaani pale ambapo kisanduku cha katikati kinaendelea kujibu kwa adabu huku kikitoa namba kutoka kwenye kumbukumbu yake.

Kuhusu saa nina ombi moja la ziada. Daftari la zamu linaandikwa saa nane usiku, kompyuta inaandika 02:00. Amueni siku ya kwanza mtakavyooanisha hizo mbili, kisha mfundisheni kila mtu wa zamu, la sivyo siku mtakapochunguza ajali mtalinganisha saa zisizolingana.

Lakini lipo kosa moja ambalo mtandao hauwezi kulinasa hata mkiupamba vipi, na nalipenda kwa sababu linatufundisha mipaka. Unyevu wa hewa ya kunyaushia unapimwa kwa vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kimoja kilichovishwa utambi wa pamba uliolowa maji. Hewa ikiwa kavu, maji ya kwenye utambi yanavukizwa, kipimajoto kile kinapoa, na tofauti kati ya viwili inakuwa kubwa. Hewa ikijaa ukungu, kama ilivyo kawaida yetu mwezi wa saba, tofauti inakaribia sifuri, na feni zinazungusha hewa isiyoweza kukausha kitu. Hapo huongezwa hewa ya moto, yaani kuni. Sasa utambi ukikauka kwa kuwa hakuna aliyejaza maji kwenye kikombe chake, vipimajoto vyote viwili vinasoma sawa. Tofauti ni sifuri. Mtandao unaleta sifuri hiyo ikiwa na saa sahihi, uhakiki sahihi na rangi ya kijani, na kuni zinaongezwa kupambana na ukungu usiokuwepo. Waya ni hai, itifaki ni hai, kilichokufa ni utambi wa pamba wa bei ya chini kuliko vyote. Anayejaza kikombe kile ni mtu, na jina lake liwekwe kwenye orodha ya kazi za zamu kama la fundi mkuu.

Naja kwenye swali la nani aamuru. Kuna msisimko wa kutaka kuzima na kuwasha mota kutoka kwenye simu ya mkononi, na mafundi vijana wanaulizia hilo kabla ya jambo lingine lolote. Nawasihi: mtandao uanze kwa kusikiliza. Amri zibaki kwa kidhibiti kilicho pembeni ya mtambo, chenye vitufe vyake, kinachoweza kufanya kazi yote hata kebo ya mtandao ikiwa imeng'olewa. Modbus haina nywila. Yeyote anayekifikia kifaa kwenye mtandao anaweza kubadilisha ile 03 ya kusoma ikawa 06 ya kuandika, na kifaa kitamtii kwa sababu hakijui kukataa. Kwa hiyo mtandao wa mitambo utengwe na ule wa ofisini ambako watu wanafungua barua pepe na kuchomeka vijiti vya kumbukumbu, na utengwe kabisa na intaneti. Kisanduku kikiwa na uwezo wa kuwekwa kwenye hali ya kusoma tu, kiwekeni hivyo. Nywila kiliyokuja nayo kutoka dukani ibadilishwe kabla hakijafungwa ukutani.

Anayedhani nazidisha atazame Ukraine. Tarehe 23 Desemba 2015 wavamizi waliingia kwenye mitandao ya kampuni tatu za kusambaza umeme za nchi hiyo na kuwazimia umeme wateja wapatao 225,000. Baada ya kufungua swichi za umeme za vituo, waliviharibu visanduku vilevile ninavyovizungumzia leo, vinavyounganisha nyaya za vifaa na Ithaneti, kwa kuandika upya programu zilizomo ndani yake, ili waendeshaji wasiweze tena kuvifikia vituo kwa mbali. Umeme ulirudi baada ya saa chache. Ulirudi kwa sababu watu walipanda magari, wakaenda vituoni, wakarudisha swichi kwa mikono. Vituo vile vilikuwa bado vinajua kuendeshwa bila mtandao.

Hoja hii haiishii kwenye chai. Maji ya Luengera na Mkomazi yanateremka kutoka huku kwetu hadi mto Pangani, na chini ya Korogwe yanakutana na mitambo ya Hale, yenye megawati 21, iliyoanza kazi mwaka 1964, na ile ya New Pangani Falls, megawati 68, iliyokamilika 1995. Zigi inatoka Amani na kujaza bwawa la Mabayani, ambalo maji yake hunywewa na jiji la Tanga. Kipimo cha kina cha mto kwenye bonde la mbali hakina kebo ya Ithaneti, kina betri, paneli ya sola na laini ya simu, lakini sharti lake ni lilelile na pengine ni kali zaidi: laini ikipotea wakati wa mvua kubwa, namba ya mwisho iliyobaki kwenye skrini ni ya mto uliotulia, ilhali mto wenyewe unapanda.

Laini ya simu inanikumbusha jambo la ghala la namba. Vipimo 40 vikisomwa kila baada ya sekunde 10 vinatoa namba 345,600 kwa siku. Si mzigo mkubwa kwa kompyuta ndogo, ila msitegemee kuzituma zote Dar es Salaam na kuzihifadhi huko peke yake. Zikae kwanza kiwandani, kwenye diski yenu, kisha zitumwe mtandao ukiwepo. Mtandao ukipotea siku mbili, historia isiwe na shimo la siku mbili.

Kuna teknolojia mpya ambayo vijana mtaisikia. Mwaka 2019 ilipitishwa aina ya Ithaneti inayopita kwenye jozi moja tu ya nyaya, megabiti 10 kwa sekunde, hadi mita 1,000, huku nyaya hizohizo zikibeba umeme wa kukiendesha kifaa. Mwaka 2021 likatolewa toleo lake kwa ajili ya viwanda vyenye hatari ya mlipuko, liitwalo Ethernet-APL. Kwayo kipimajoto chenyewe kinakuwa na anwani ya mtandao, na kisanduku cha katikati kinaondoka. Naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, kiwanda cha milimani chenye vipimajoto vizima vya miliampia 4 hadi 20 hakina sababu ya kuving'oa. Viacheni viendelee kumtumikia kidhibiti chao, na mtandao umsikilize kidhibiti. Siku kimoja kitakapokufa kwa uzee, ndipo mlinganishe bei, na muulize swali ambalo orodha ya bei haina: nani hapa Lushoto au Korogwe anaweza kukitengeneza Jumapili?

Anzeni na draya moja na boila moja. Choreni mchoro wa kila waya, na mchoro ukae ndani ya mlango wa kisanduku, usikae kwenye kompyuta ya mkandarasi. Andikeni kwenye daftari moja namba ya kila kifaa, rejista zake, na desimali zake zinaangukia wapi. Nywila zikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa meneja. Fundi wa kiwanda awepo tangu siku ya kwanza ya kazi, ashike bisibisi mwenyewe.

Na siku mkandarasi atakapokuja kukabidhi, kabla ya kusaini, mwiteni msimamizi wa zamu akae mbele ya skrini. Kisha mtumeni kijana nyumba ya boila akachomoe kebo ya mtandao, na muanze kuhesabu sekunde. Achomoe pia umeme wa kile kisanduku, kisha aurudishe. Alegeze waya mmoja wa kipimajoto. Aukaushe utambi. Kila mara msimamizi aseme kwa sauti anachokiona. Skrini ikiendelea kuonesha 98.0 kwa kijani baada ya kebo kuchomolewa, msisaini, na malipo ya mwisho yasitoke mpaka jaribio lirudiwe. Msimamizi asipogundua utambi mkavu, tatizo hilo si la mkandarasi, na mafunzo ya zamu yaanze wiki ileile.

Nipo tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na wanaofanya zamu za usiku.